Kura ya Mikono Miwili

Mkutano wa washirika ulianza mara tu baada ya baraka, watu wakiwa na njaa, na jambo la kujadili lilikuwa moja tu. Mzee Kyule, mwenyekiti wa wazee wa kanisa la Kwa Ngila, upande wa Matinyani, alifungua daftari lake, akakohoa, akasema kwa Kiswahili kwamba Bwana amelibariki kanisa na vijana wengi. Lakini vijana hao, alisema, wanakimbilia makanisa ya Kitui mjini, kwa sababu ibada ya hapa haiishi kabla ya saa nane.

"Kila neno linasemwa mara mbili," alisema Kyule. "Mchungaji anasema, Mbithi anarudia. Mchungaji anasema, Mbithi anarudia. Yesu alihubiri mlimani mara moja tu, na watu walishiba."

Watu wakacheka. Mbithi naye alicheka, kisha akaanza kuyageuza maneno hayo kwa Kikamba, kwa ajili ya akina mama wazee wa benchi za mbele. Alikuwa amesimama mahali pake pa miaka ishirini na sita: hatua moja kushoto kwa mhubiri, nusu hatua nyuma yake, Biblia ya Kikamba mkononi. Siku za wiki alikuwa fundi wa kujenga, mtu wa kuagizwa mawe na mchanga. Jumapili alikuwa sauti. Mhubiri akinyanyua mkono, Mbithi alinyanyua wake. Mhubiri akilia, Mbithi alilia kidogo, asimpite.

"Ngoja kwanza, Mbithi," alisema Kyule. "Hii maneno inakuhusu wewe. Mtu hawezi kutafsiri kesi yake mwenyewe. Keti."

Ilikuwa haki, na Mbithi mwenyewe aliiona haki hiyo. Akashuka, akaketi kwenye benchi la wanaume. Hakuna aliyesimama mahali pake.

Kwa hiyo Kyule alieleza yote kwa Kiswahili. Alieleza kwamba kuanzia Jumapili ijayo ibada itakuwa ya lugha moja, bila mtafsiri. Akina mama kumi na tisa wa mbele walimsikiliza kwa heshima. Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kushukuru. Kilichozidi hapo kilipita juu ya vitambaa vyao vya kichwa kama upepo. Walishika jina la Mungu, walishika jina la Yesu, wakaitikia amina palipostahili.

"Wanaokubali wainue mkono," alisema Kyule.

"Kama hivi," alisema Mchungaji Kitheka, kijana wa miaka thelathini na minne aliyekuja kanisani hapo mwaka uliopita, akainua wake juu ili watu waone.

Nzisa, mama yake Mbithi, alikuwa ameketi mbele kabisa. Alimwona mchungaji ameinua mkono. Akageuka, akaona mikono mingi nyuma yake. Alhamisi ilikuwa imenyesha mvua nzuri, ya kwanza tangu watu wapande, na tangu Alhamisi hiyo alikuwa akingoja kanisa limshukuru Mungu. Akafumba macho, akainua mikono yote miwili. "Ni muvea, Ngai," alinong'ona. Asante, Mungu. Wenzake kumi na wanane wakamfuata.

Kyule alihesabu, akaandika. Waliokubali, sitini na wanane. Waliokataa, kumi na wawili. Mbithi hakuinua mkono upande wowote.

Njiani kuelekea nyumbani Nzisa alitembea mbele na fimbo yake, akiwa na furaha. Alizungumza Kikamba, maana hakuwa na lugha nyingine ya kufurahia.

"Leo tumeshukuru vizuri. Hata Kyule, mtu asiyeshukuru hata akipewa kiti! Si ilikuwa ya mvua ile?"

Mbithi aliangalia barabara. Mkewe, Kavata, alimwangalia yeye.

"Ndiyo, mwaitu," alisema Mbithi. "Ilikuwa ya mvua."

Binti yao Mwongeli, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita na ambaye ndiye aliyeandika nyimbo za kuonyeshwa ukutani kanisani, alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Walipofika, Nzisa akiwa ameingia kwake kubadilisha nguo, Kavata aliketi kwenye kigoda na ungo wa ndengu, akaanza kuchambua kwa nguvu kuliko ndengu zilivyohitaji.

"Baba Mwongeli, umemdanganya mama."

"Nimempunguzia."

"Hiyo ndiyo kazi yako, kupunguza." Alitupa kijiwe pembeni. "Yule mhubiri mgeni, mwaka ule, alisema nini? Si alisema hawa wanawake wa mbele waliocheza kilumi, ile ngoma ya kupandisha mizimu, ujanani bado wana mapepo? Na wewe ukawaambia nini? Ukawaambia mgeni anawaombea mama zetu maisha marefu. Wakamwitikia amina! Mtu amewatukana, wakamwambia amina."

"Ungetaka walie?"

"Ningetaka wajue."

Mbithi alivua koti lake la Jumapili, akalikunja polepole. "Nimwambie nini sasa, Mama Mwongeli? Kwamba amejifukuza kanisani kwa mikono yake mwenyewe?"

"Hakuna mtu amefukuzwa," alisema Mwongeli kutoka mlangoni. "Baba, mimi niliinua mkono. Siogopi kusema. Ibada ya masaa manne, nani anaweza? Na si ati mnaachwa. Kiswahili kila mtu anaelewa."

"Susu yako anaelewa?"

Mwongeli alisugua kizingiti kwa kidole. "Si tunaweza kumwelezea hapa nyumbani?"

"Nani atamwelezea? Wewe?" Mbithi alimgeukia. Hakuwa na hasira; alikuwa anauliza kweli. "Unaelewa Kikamba?"

"Naelewa yote."

"Basi sema kitu. Sema chochote."

Msichana alicheka, akaangalia chini, akaangalia kuku. Maneno yote alikuwa nayo. Yalikuwa yamejaa kichwani mwake, kwa sauti ya susu, bibi yake, kwa sauti ya baba yake juu ya jukwaa. Lakini tangu chekechea hakuna aliyemdai ayatoe, na sasa mdomo wake uliona haya mbele yao, kama mtu aliyeitwa kucheza ngoma asiyowahi kuicheza.

"Mwache," alisema Kavata kwa upole. "Tulimlea hivyo sisi wenyewe. Tulisema asichekwe shuleni. Si wewe ulisema?"

"Nilisema," alijibu Mbithi.

Jumapili iliyofuata Mbithi alifika kanisani mapema, kwa mazoea, akakumbuka hana kazi. Alitafuta mahali kwenye benchi la wanaume. Mikono yake ilimsumbua. Aliiweka magotini, akaikunja kifuani, akaishika Biblia, na bado ilikuwa mingi.

Mchungaji Kitheka alihubiri vizuri. Ni lazima isemwe, maana ni kweli: alikuwa mtu wa maombi na alilipenda kanisa lake. Alihubiri juu ya mwanamke wa kisimani. Bila mtu wa kumfuata, maneno yake yalikimbia kama maji ya mteremko, na vijana nyuma walisema haleluya.

Nzisa alingoja. Alidhani mwanawe amechelewa kupanda, kisha akadhani amesahau. Alipomwona ameketi kati ya wanaume, akasimama kwa fimbo, na kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri akamwambia kwa Kikamba, "Mbithi! Mbona umeketi? Wewe ni mgonjwa?"

Kanisa lote likageuka. Kijana mmoja akaguna kicheko. Mchungaji alisimamisha mahubiri, akatabasamu.

"Mama anasema nini?"

Waliojua Kikamba walikuwa zaidi ya nusu ya watu waliokuwamo. Wote waliangalia mabega ya mtu aliye mbele yao. Ikabidi ajibu mwenye kazi.

"Anasalimu kanisa," alisema Mbithi.

"Bwana asifiwe, Susu!" alisema mchungaji, akaendelea.

Nzisa alibaki amesimama. Alimwangalia mwanawe kwa muda, kisha akaketi. Tangu hapo hadi mwisho hakuitikia amina hata moja. Ibada iliisha saa sita na dakika ishirini, na watu walipongezana kwa mikono.

Jumanne Mbithi alikuwa anajenga msingi wa tangi la maji kwa jirani, karibu na njia, alipomwona mama yake anakuja. Nzisa alikuwa na miaka themanini na minne na hakuwa na desturi ya kumfuata mtu kazini. Mbithi aliweka mwiko chini.

"Nimetoka kwa Mama Mbaluka," alisema Nzisa bila salamu. "Mjukuu wake amemweleza mambo ya mkutano. Nikamwambia huyo mtoto ni mwongo, kwa sababu Mbithi wangu aliniambia ilikuwa ya mvua."

Mbithi alipangusa mikono kwenye suruali.

"Sasa niambie wewe. Mikono yangu ilisema nini siku ile?"

"Mwaitu, keti kwanza kwenye hili jiwe."

"Nitasikia nikiwa nimesimama."

Akamwambia. Alimwambia kwa Kikamba kizuri, kile cha jukwaani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikichukia, kwa sababu kila neno lilimfikia. Nzisa alisikiliza mpaka mwisho. Jirani mwenye tangi alijifanya anatafuta kitu kwenye ghala.

"Kumi na tisa?" aliuliza Nzisa.

"Kumi na tisa. Mngekataa, mngekuwa thelathini na mmoja, na wao arobaini na tisa. Wangeshinda hata hivyo."

"Sikukuuliza kama wangeshinda." Aligonga fimbo chini. "Wewe ulikuwa umeketi hapo. Ulijua. Ungepiga kelele moja tu."

"Kyule aliniambia ninyamaze."

"Na njiani? Kyule alikuwa njiani?"

Mbithi alimwomba Mungu ampe jibu, hapo hapo, kimyakimya, na Mungu hakumpa.

Mama yake aligeuka, akarudi alikotoka. Hakumruhusu amsindikize.

Jumapili hiyo Nzisa hakuenda kanisani. Alisema ni kifua. Kavata alimsugua mafuta, akasikiliza pumzi yake, akajua si kifua. Jumapili iliyofuata alisema ni magoti. Alilala akiangalia ukuta na chakula alikionja tu. Kanisani, kwenye benchi za mbele walibaki akina mama kumi na mmoja, kisha sita. Hakuna aliyewafukuza. Walizoea tu kubaki nyumbani, mmoja baada ya mwingine.

"Baba, huko mbele panaonekana vibaya," alisema Mwongeli jioni moja. "Mchungaji ameambia vijana wajaze hizo benchi, lakini hakuna mtu anataka kukaa hapo."

Mbithi alikuwa amekaa na Biblia yake bila kuifungua. Alikuwa anafikiri kwamba mtu akifa, hutangazwa redioni na watu huja na viti. Lugha haitangazwi. Huambiwa tu ikae kidogo, kwa sababu ya saa, na yenyewe kwa adabu inakaa.

Mchungaji Kitheka alikuja Jumatano mchana, peke yake, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Kavata alimkaribisha, akampangusia kiti, akaomba radhi kwa ajili ya vumbi la nyumba ambalo halikuwapo.

"Nimekuja kumwona Susu," alisema. "Nimesikia ni mgonjwa."

Walimpeleka kwa Nzisa. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda, sanduku la bati na dirisha moja. Mbithi alisimama karibu na mlango, Mwongeli nyuma yake. Mchungaji aliketi kwenye sanduku, akauliza hali kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto.

Nzisa hakuinuka. Alizungumza kwa Kikamba akiangalia dari, kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti. Alipomaliza, mchungaji alimgeukia Mbithi.

Mbithi alitabasamu lile tabasamu la jukwaani. "Mama anasema karibu sana. Anashukuru kwa kuwa umekumbuka kumtembelea, na anaendelea—"

"Hakusema hivyo, Baba," alisema Mwongeli.

Kavata alisimama kizingitini na kikombe cha chai mkononi, akabaki hapo.

Mbithi alimwangalia binti yake, kisha mama yake. Nzisa alikuwa amegeuza kichwa kwenye mto, anamtazama. Akatoka mlangoni, akaja hadi kando ya kitanda, akasimama hatua moja kushoto kwa mama yake, nusu hatua nyuma, akanyoosha mgongo. Na kama alivyofanya siku zote, hakusema "anasema". Alisema "mimi".

"Mimi ni mzee. Nilikuona umeinua mkono. Wewe ni mchungaji, na kondoo anafuata. Nilifikiri tunamshukuru Mungu kwa mvua, kumbe nilikuwa ninafunga mlango nikiwa nje. Sina ugomvi na vijana. Hata mimi niliona ibada ndefu, na makalio yangu yanauma kuliko yao." Mwongeli alifinya midomo. "Lakini ninakuuliza jambo moja. Watu wote waliinua mkono mmoja. Mimi niliinua miwili, mbele yako, nikiwa nimefumba macho. Uliona mtu akipiga kura namna hiyo? Kwa nini hukuuliza?"

Mbithi alimaliza. Jasho lilikuwa limemtoka kama amebeba mawe.

Mchungaji Kitheka aliangalia viatu vyake. Angeweza kusema hakuona. Alikuwa na nafasi hiyo na kila mtu pale alijua anayo.

"Niliona," alisema. "Nilijua hamjaelewa. Nikasema moyoni, tukianza kueleza, itafika saa tisa." Akaendelea bila kumwangalia mtu. "Na si saa peke yake. Mzee Mbithi, mimi nimelelewa Sultan Hamud. Mama alikuwa na duka kando ya barabara, na dukani ni Kiswahili, nyumbani ni Kiswahili. Nikihubiri hapa, ninasema neno, kimya. Halafu wewe unasema, na akina mama wanalia. Wanalia nyuma yangu kidogo, kila Jumapili, na mimi sijui ni nini kimewaliza. Nilikuwa nakuonea wivu. Nimeombea hilo jambo, lakini ndiyo hivyo."

Mbithi alimgeuzia mama yake maneno hayo, yote, hata la wivu, ingawa hilo aliona haya kulisema.

Nzisa alifikiri. "Kwa hiyo atafanya nini?"

"Ile kura si kura," alisema mchungaji. "Jumapili nitaliambia kanisa hivyo. Tutaipiga tena, na safari hii itaelezwa kwa Kikamba kwanza. Mzee Kyule atakasirika. Na wanaweza kushinda tena, Susu, sitakudanganya."

"Washinde nikiwa ninasikia," alisema Nzisa, na Mbithi akatafsiri. Kisha mama akaweka mkono juu ya blanketi, karibu na mchungaji, akasema maneno machache.

Mbithi alifungua mdomo.

"Hiyo nimeelewa," alisema mchungaji. "Anataka nimwombee. Kwa Kikamba."

"Anaweza kungoja," alisema Mbithi haraka. "Omba kwa Kiswahili, mimi nitafuata."

"Hapana."

Kitheka aliteremka kutoka kwenye sanduku, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akafumba macho. Nje kuku alitangaza yai. Shingo ya mchungaji ilikuwa imekakamaa kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni, na Mwongeli, aliyeijua haya hiyo, alitamani kumsaidia na hakuweza.

"Ngai," alisema hatimaye. Akatafuta. "Ngai, ni muvea nundu wa liu."

Kavata aliinua macho. Mchungaji alikuwa anaomba maombi ya chakula, yale ambayo watoto wadogo hufundishwa kuyaimba mbele ya sufuria. Bibi yake wa Kyuso ndiye aliyemfundisha, likizo moja ya zamani, na hicho ndicho Kikamba chote alichokuwa nacho cha kumwambia Mungu. Aliyasema mpaka mwisho bila kuruka neno. Alishukuru kwa chakula kilichopo, akawashukuru waliokipika, akamwomba Mungu awakumbuke wasio na kitu siku hiyo. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka sita ndani ya koo la mwanamume, na machozi yalikuwa yanashuka.

"Amina!" alisema Nzisa, kwa nguvu, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mchungaji alifumbua macho. Alijipangusa uso kwa kiganja. Nzisa alimtazama, akatazama chumba kisicho na sahani wala kijiko, kisha akajiinua kwa kiwiko.

"Kavata," alisema, "mbona umesimama? Lete chakula. Kimeshaombewa."

Mwongeli ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kujizuia kwa kanga, ikashindikana. Kavata akafuata, chai ikamwagika. Mchungaji aliuliza kwa macho, Mwongeli akamwelezea kati ya kicheko, naye akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Kulikuwa na muthokoi jikoni, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe. Waliuleta na sahani tano, wakala hapo hapo chumbani, Nzisa akiwa ameketi kitandani na mto mgongoni. Aliinua kijiko chake, akamwonyesha mchungaji mahindi, akataja jina lake, akangoja. Mchungaji akalirudia, vibaya.

"Mama anasema hiyo ni—" alianza Mbithi.

Nzisa alimnyooshea kiganja. "Mwache. Wewe kula."

Akalitaja tena, polepole. Mchungaji akajaribu tena. Mwongeli, mdomo umejaa, akamsahihisha.

Mbithi alitafuta mahali, akaketi chini kando ya sanduku, akavuta sahani yake. Muthokoi ulikuwa bado moto.